Sinema Inapojitazama

Katika mwaka wa 1901, sinema ikiwa haijatimiza miaka sita tangu ndugu wawili wa ukoo wa Lumière waionyeshe kwa kiingilio mjini Paris, mtu mmoja aliyeitwa James Williamson, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuuza dawa katika mji wa Hove ulio kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, alitengeneza filamu fupi mno ambamo bwana mmoja anaonekana akihamaki kwa kupigwa picha pasipo ridhaa yake. Bwana huyo anausogelea mtambo hatua kwa hatua, huku akigomba, hata uso wake ukakijaza kiwambo chote, kisha kikabaki kinywa peke yake, kikapanuka, na katika giza la kinywa hicho ikatumbukia kamera, na baada ya kamera akatumbukia mpiga picha mwenyewe; ndipo bwana akarudi nyuma akitafuna kwa furaha ya mtu aliyeshiba. Hadhira ya siku zile ilicheka, nasi tukiitazama leo tunacheka. Lakini yeyote atakayetulia na kuitafakari filamu hiyo atajikuta mbele ya swali lisilomwacha upesi: ikiwa kamera imekwisha kumezwa pamoja na mwenyewe, ni nani basi aliyesalia akimpiga picha huyu anayetafuna? Hapana shaka ilikuwapo kamera ya pili, na nyuma ya kamera hiyo alikuwapo mtu wa pili, ambaye hatukumwona.

Mwaka ule ule fundi wa London, Robert Paul, alitoa filamu ya mtu wa shamba aliyeingia katika nyumba ya sinema kwa mara ya kwanza maishani mwake, na garimoshi la kiwamboni lilipomjia akatoka mbio. Na mwaka uliofuata kampuni ya Edison ya Marekani ikaichukua hadithi hiyo na kuitengeneza upya kwa mkono wa Edwin Porter, ikamfanya mtu wa shamba alivamie pazia jeupe na kuliangusha, akamkuta nyuma yake mwendesha mtambo, wakashikana mieleka. Na mwaka wa 1912, kule Moscow, Władysław Starewicz, aliyekuwa na kipaji cha kuwaendesha wadudu wakavu kana kwamba wana roho, alisimulia habari za mbawakawa aliyeoa, akamwendea kwa siri kerengende mcheza ngoma, asijue kwamba hasimu wake, panzi, ni mpiga picha za sinema, na kwamba panzi huyo ameyanasa yote kupitia tundu la ufunguo. Hata siku mbawakawa alipomchukua mkewe kwenda kutazama sinema, akajiona mwenyewe kiwamboni, mbele ya mke na mbele ya watu.

Nimeanza na mambo haya ya kale kwa sababu wako wanaodhani kwamba filamu zinazohusu utengenezaji wa filamu ni zao la uzee wa sanaa hii, mithili ya mtu aliyemaliza safari zake ambaye sasa hana la kufanya ila kusimulia nafsi yake. Tarehe zinawakanusha. Sinema ilianza kujitazama ikiwa bado inanyonya, na haikuacha hata leo. Kwa maoni yangu sababu ya watu kuzipenda filamu hizo imo katika ule mkutano wa mtu wa shamba na mwendesha mtambo. Kazi ya seremala huacha alama za randa, na nguo iliyoshonwa humwonyesha mwenye jicho mahali mshono ulipopita. Bali filamu iliyokamilika ina tabia ya kuwafuta kabisa walioitenda, wawe watu themanini au mia mbili, hata mtazamaji akaamini kwamba mvua ilinyesha yenyewe na machozi yalitoka yenyewe. Mtazamaji hufurahia kudanganywa hivyo, na papo hapo moyo wake hudai kuwajua waliomdanganya. Na wao waliomdanganya, ambao wameshinda jua na kukesha usiku ili wasionekane, nao hutamani japo mara moja kuonekana. Filamu ya aina hii ndiyo mahali haja hizo mbili zinapokutana. Lakini kila inaporudisha watu waliofutwa, huchagua ni nani wa kurudishwa na ni nani wa kuachwa gizani, na mimi nimeifuata historia hii nikiliangalia zaidi jambo hilo.

Charlie Chaplin alipovaa kwa mara ya kwanza mbele ya umma ile kofia yake ndogo na viatu vikubwa, ilikuwa katika filamu iliyotoka Februari 1914, iliyopigwa katika mashindano ya watoto ya vigari huko Venice, California. Hadithi haina kingine ila kwamba wapiga picha wanajaribu kuyanasa mashindano, na mtu mmoja wa ajabu, asiyejulikana ametoka wapi, anajipitisha mbele ya kamera, anafukuzwa, anarudi, anasukumwa, anarudi tena. Watu waliosimama kandokando ya njia walikuwa wenyeji waliokuja kutazama vigari, na nyuso zao zinaonyesha wazi kwamba hawakujua wamcheke au wamwite askari. Kwa hiyo yule ambaye baadaye alikuwa mashuhuri kuliko wachezaji wote wa sinema bubu alijulishwa kwa ulimwengu kama mtu anayeng'ang'ania kuingia katika picha, na katika hilo aliwawakilisha mamilioni waliokuwa upande wa pili wa kiwambo. Miaka kumi baadaye Buster Keaton aliligeuza jambo hilo upande wa ndani: katika *Sherlock Jr.* yeye ni mwendesha mtambo maskini anayesinzia kazini, roho yake ikamtoka, ikashuka katikati ya viti, ikapanda jukwaani na kuingia ndani ya filamu inayoonyeshwa; na filamu, kwa kutomzoea mgeni, ikambadilishia mahali chini ya miguu yake, mara bustani, mara jabali, mara mawimbi ya bahari. Katika kuitengeneza filamu hiyo Keaton aliangushwa relini na maji ya tangi la garimoshi, akaumia, akaendelea na kazi. Na miaka mingi ikapita kabla daktari hajamjulisha kwamba siku ile alivunjika mfupa wa shingo.

Iko filamu moja ya zama za sinema bubu ambayo lau ningeruhusiwa kuichukua moja tu ningeichukua hiyo, nayo ni *Mtu Mwenye Kamera* ya Dziga Vertov, iliyotolewa mwaka wa 1929 na kampuni ya filamu ya Ukraine, ikiwa imepigwa katika miji ya Kyiv, Kharkiv, Odesa na Moscow. Haina hadithi wala maneno. Mpiga picha, ambaye ni Mikhail Kaufman, ndugu yake Vertov, anazunguka na kamera yake begani kuanzia alfajiri hata usiku, anapanda minara, analala chini ya reli, anasimama juu ya motokaa iendayo kasi. Sehemu niipendayo haimhusu huyo shujaa. Farasi anakimbia akivuta gari la abiria, na ghafula, kwato zikiwa hewani, anasimama tuli. Gari limesimama, abiria wamesimama, mji mzima umesimama. Kisha tunaonyeshwa kwamba tulichokuwa tukikitazama ni kipande cha mkanda mikononi mwa mwanamke aliyeketi mezani na mkasi wake, na huyo mwanamke ni Elizaveta Svilova, mhariri wa filamu hii hii tunayoitazama na mke wa mwongozaji wake. Nyuma yake rafu zimejaa mikanda iliyokunjwa na kuandikwa majina. Anachukua kipande chenye uso wa mtoto, anakiinua kwenye mwanga, uso umeganda. Anakata, anaunga, na mara mtoto yule anacheka. Sijui mahali pengine katika sanaa ambapo kazi ya kuketi na kukata na kuunga, ambayo kwa kawaida hufanywa ndani, na aghalabu ilifanywa na wanawake wasiotajwa, imepewa heshima kubwa namna hiyo pasipo neno moja la sifa kutamkwa.

Filamu hiyo ilitoka wakati mbaya, kwa maana *The Jazz Singer* ilikuwa imeonyeshwa tangu Oktoba 1927 na sinema za kusema zilikuwa zikizifagia sinema bubu kama bahari inavyofagia ufuo. Na hapa panadhihirika tabia nyingine ya historia hii, kwamba sinema hujitazama zaidi inapoingiwa na hofu. Amerika ilipokuwa ikiaga sinema bubu, mwaka wa 1928, Josef von Sternberg alitengeneza *The Last Command*, hadithi ya jemadari wa Urusi aliyepinduliwa, akaangukia Hollywood kuwa mwigizaji wa kijungujiko, akapewa siku moja kuvaa magwanda ya bandia na kuigiza ujemadari aliokuwa nao kweli. Na Emil Jannings aliyeicheza nafsi hiyo, akapata tuzo ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora katika tuzo za Oscar, alikuwa Mjerumani ambaye lafudhi yake haikufaa katika sinema za kusema, akarudi kwao. Hofu ya pili ilikuja pamoja na televisheni, na pamoja na hukumu ya mwaka wa 1948 iliyozikataza kampuni kubwa za Marekani kumiliki nyumba za sinema. Na mara tukaona zikifuatana *Sunset Boulevard* mwaka wa 1950, *Singin' in the Rain* mwaka wa 1952, na *A Star Is Born* ya Judy Garland mwaka wa 1954. Hofu ya tatu ilikuwa ya kufa kwa mkanda wenyewe: kampuni ya Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Januari 2012, na mwezi uliofuata tuzo kubwa ya Oscar ilipewa *The Artist*, filamu bubu, isiyo na rangi, kuhusu mchezaji wa sinema bubu.

*Sunset Boulevard* ya Billy Wilder yastahili kukaliwa kitako. Gloria Swanson, aliyekuwa malkia wa sinema bubu, anamcheza malkia wa sinema bubu aliyesahauliwa. Erich von Stroheim, aliyekuwa mwongozaji wake, anamcheza mtumishi wake wa nyumbani ambaye zamani alikuwa mwongozaji wake. Na usiku mmoja wanapoitazama filamu ya ujana wake bibi huyo, mkanda unaopita kiwamboni ni wa *Queen Kelly*, filamu ya kweli ambayo Stroheim alimwongoza Swanson katika mwaka wa 1928, ikakwama njiani kwa kuwa Swanson mwenyewe, aliyekuwa mtayarishaji, alimwondoa kazini. Ni ukatili kuwaweka watu katika jambo la namna hiyo, nao walikubali, na kukubali kwao ndiko kunakonifanya niwaheshimu. Kisha bibi yule anakwenda studio kumzuru Cecil B. DeMille, anayejicheza mwenyewe, na anawekwa kwenye kiti amngoje. Kipaza sauti kinachoning'inia kinapita juu ya kichwa chake na kuugusa unyoya wa kofia. Anakisukuma kwa dharau, kwani hicho ndicho kilichomfukuza. Halafu kutoka juu kabisa, katikati ya mitambo, mzee mmoja wa taa anamtambua, anamwita kwa jina, anaigeuza taa yake na kummulika. Na mara wanatoka kila pembe wale wazee wa maleba, wa nywele na wa rangi, na waigizaji wa kijungujiko, wanamzunguka wakimshika mikono. Wakubwa wa studio walikuwa wamemsahau, na aliyemkumbuka alikuwa mtu wa taa. Louis B. Mayer, mkubwa wa kampuni ya MGM, alikasirishwa mno na filamu hii, na ukiitazama sehemu hiyo peke yake utaelewa kwamba Wilder aliigusa siri ambayo wenye mali hawakupenda iguswe.

*Singin' in the Rain* ina furaha tupu, na tena inasema habari za udanganyifu kwa uwazi kuliko zote. Mchezaji maarufu wa sinema bubu ana sauti mbaya. Binti asiyejulikana, anayechezwa na Debbie Reynolds, anawekwa nyuma ya pazia aseme na kuimba kwa niaba yake. Na mwishowe pazia linafunguliwa mbele ya hadhira nzima ili haki idhihirike. Wakati wa kuitengeneza, nyimbo kadhaa za Reynolds zilitiwa sauti na mwimbaji mwingine, Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa popote katika filamu. Na katika sehemu ile binti anapoonekana akimsemea mwenye sauti mbaya, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, yaani ya yule yule mwenye sauti mbaya, ambaye kwa asili alikuwa na sauti nzuri. Pazia lilifunguliwa, na nyuma yake palikuwa na pazia jingine. Mimi naipenda filamu hii, na kila niitazamapo humkumbuka Betty Noyes.

Wataalamu wengi humtanguliza Federico Fellini, ambaye filamu yake ya mwaka 1963, *8½*, inamwonyesha mwongozaji aliyejengewa mnara mkubwa wa chuma kwa ajili ya filamu ambayo hajui itahusu nini. Na kweli ni kazi ya bingwa. Lakini Fellini alizitazama ndoto za mtu mmoja, na wafanyakazi wamo humo kama usumbufu wa huyo mtu mmoja. François Truffaut, miaka kumi baadaye, katika studio za Victorine mjini Nice, aliwatazama wote. *La Nuit américaine* imepewa jina la hila ya kazi, ile ya kupiga picha mchana kwa kuweka kioo maalumu mbele ya kamera ili ionekane ni usiku, na ndani yake Truffaut mwenyewe anamcheza mwongozaji mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni, ambaye kutwa huulizwa maswali: bastola gani, motokaa rangi gani, nywele fupi au ndefu. Mchezaji mmoja wa makamo, Séverine, amesahau maneno yake kwa ulevi na majonzi, na kila anapotakiwa kutoka chumbani anafungua mlango wa kabati. Wanarudia, anafungua kabati. Wanarudia tena, anafungua kabati, na kicheko chetu kinageuka kuwa huruma kabla hatujafahamu kimegeuka wapi. Mshumaa anaoushika bibi nyota umetobolewa na kutiwa taa upande usioonekana, ili umwangaze uso. Theluji ni povu linalopulizwa. Na yuko paka mdogo, ambaye hana budi kuja mlangoni na kunywa maziwa kwenye sinia ya chai ya asubuhi. Kazi yake ni hiyo tu. Paka hataki. Watu wazima kumi na kitu, wenye ujuzi na mishahara, wamenyamaza nyuma ya kamera wakimwomba kwa macho. Anakwenda kushoto, anakwenda kulia, anaondoka. Analetwa paka mwingine, anakaribia, ananusa, anakunywa, na kamera inamsogelea taratibu kama inayomwogopa.

Baada ya kuyaona hayo ningetazamia kwamba nisiweze tena kuamini mshumaa wala theluji katika filamu yoyote. Imekuwa kinyume, na walioitazama nami walikiri vivyo hivyo: tunapoonyeshwa picha zilizopigwa za filamu ile iliyomo ndani ya filamu hiyo, tunamwamini bibi yule na mshumaa wake kwa moyo wote, na zaidi ya mwanzo, maana sasa tunajua ni watu wangapi waliotaka tuamini. Truffaut aliijua sababu. Mwongozaji wa hadithi yake huota kila usiku ndoto moja inayoendelea, nayo ni ya mtoto anayetembea gizani na fimbo mpaka kwenye nyumba ya sinema iliyofungwa, akapenyeza fimbo katikati ya vyuma vya lango na kuiba picha za *Citizen Kane*. Mtengenezaji alikuwa mtazamaji, na kabla ya kuwa mtazamaji mwenye tikiti alikuwa mtoto aliyesimama nje.

Pengine ndiyo maana filamu iliyogusa kina cha jambo hili kuliko zote ilihusu mtazamaji. Mjini Tehran mwanamume mmoja wa kazi za uchapaji, asiye na ajira, Hossain Sabzian, alikuwa ndani ya basi na kitabu cha filamu ya mwongozaji Mohsen Makhmalbaf mkononi; mama aliyeketi karibu naye akauliza habari za kitabu, na Sabzian akasema kwamba yeye ndiye Makhmalbaf. Akaalikwa nyumbani, akawaahidi wenyeji kwamba atapiga filamu katika nyumba yao, akawafundisha kuigiza, akaheshimiwa kwa siku chache kama hakuwahi kuheshimiwa katika umri wake, kisha akashikwa na polisi. Mwongozaji mwingine, Abbas Kiarostami, alipata ruhusa ya kuipiga picha kesi yake, akawashawishi mshitakiwa na washitaki warudie mbele ya kamera yote waliyotendeana, na katika mwaka wa 1990 akatoa *Close-Up*. Mbele ya kadhi Sabzian anaeleza kwamba mapenzi yake kwa sinema ndiyo yaliyomfikisha hapo. Na familia iliyodanganywa, ambayo iliingia udanganyifuni kwa kutamani kuwamo katika filamu, hatimaye imo katika filamu.

Pwani yetu imeielewa hali hiyo tangu zamani, kwa kuwa sisi tulikuwa watazamaji kwa miongo mingi kabla ya kuwa watengenezaji. Filamu za Bara Hindi zilijaza nyumba za sinema Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Raj Kapoor na Nargis walijulikana na watu wasiojua neno la Kihindi, na lahani zao zilihamia katika taarabu na kuvikwa maneno ya Kiswahili, kazi ambayo Juma Bhalo wa Mombasa aliifanya kwa ustadi wa pekee. Na Bara Hindi nayo ina filamu yake ya kujitazama, ya huzuni kuliko za wote: *Kaagaz Ke Phool* ya Guru Dutt, ya mwaka wa 1959, ya kwanza nchini humo kupigwa kwa skrini pana ya CinemaScope. Mwongozaji mashuhuri anampata mchezaji mpya, anampenda, anapoteza nyumba na kazi, na uzeeni anarudi katika studio tupu na kufia katika kiti cha mwongozaji. Mpiga picha V. K. Murthy alitumia vioo viwili vikubwa kulichota jua la nje na kulipitisha katika giza la studio kama nguzo, na ndani ya nguzo hiyo vumbi linaelea na wapendanao wawili wamesimama mbalimbali, huku ikiimba sauti ya Geeta Dutt, mke wa mwongozaji. Watu hawakuja kuitazama. Guru Dutt hakuweka tena jina lake katika filamu kama mwongozaji, na mwaka wa 1964 akafariki dunia akiwa na miaka 39.

Nimesema kwamba filamu hizi huchagua nani wa kurudishwa, na hapo ndipo Afrika Mashariki inaponipa shughuli. Hollywood ilikuja kwetu mapema. Ilikuja na *Trader Horn* tangu mwaka wa 1929, ikaja na *King Solomon's Mines*, ikaja na *Hatari!* iliyopigwa Tanganyika na kuchukua neno letu kuwa jina lake. Mwaka wa 1951 John Huston alikuja Kongo na Uganda kutengeneza *The African Queen*, na habari za utengenezaji huo zimesimuliwa mara nyingi kuliko hadithi yenyewe: jinsi watu walivyougua kwa maji mabaya, na jinsi Huston na Humphrey Bogart walivyosalimika kwa kunywa wiski badala ya maji. Katharine Hepburn aliandika kitabu kizima. Waliobeba taa na majenereta msituni, waliopika, waliovuta kamba za mtumbwi, hawakupata ukurasa wao. Peter Viertel, aliyekuwapo kama mwandishi, aliandika riwaya ya mwongozaji aliyekuja Afrika kwa jina la filamu lakini kiu yake ilikuwa kumwua tembo, na Clint Eastwood akaifanya filamu mwaka wa 1990, *White Hunter Black Heart*, aliyoipigia Zimbabwe. Mwishoni kiongozi wa msafara, Kivu, anauawa na tembo kwa ajili ya matakwa ya mwongozaji. Ngoma zinapiga kuwajulisha watu. Mwongozaji anakwenda kuketi katika kiti chake, wote wakimtazama, na kwa sauti isiyotoka vizuri anaagiza kazi ianze. Naiheshimu filamu hiyo, kwa kuwa ndani yake kiti cha mwongozaji kimewekewa hesabu ya roho ya mtu. Hata hivyo Kivu amerudishwa ili afe.

Na Huston alipokuja, wetu walikuwa wamekwisha kuishika kazi. Baina ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na Bwana Latham waliendesha mradi wa filamu za mafundisho kwa Waafrika, fedha zake nyingi zikitoka shirika la Carnegie la New York. Zilitengenezwa filamu 35, kuhusu benki ya akiba ya posta na mambo ya namna hiyo, na maneno yake yakawekwa katika sahani za santuri ili yabadilishwe kwa lugha za kila mahali gari la sinema litakapofika. Waigizaji walikuwa watu wa huko huko. Nayo *Muhogo Mchungu*, ya mwanzo wa miaka ya 1950, ilimpa nafasi kubwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka wa 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi ambayo mchezaji wake wa filamu alikuwa Waziri Mkuu miaka kumi na minane kabla ya Marekani kumchagua mchezaji wake kuwa Rais yastahili kulikumbuka jambo hilo kwa fahari.

Waliokuja kukaa katikati ya filamu na hadhira, hata hivyo, walitoka katika vibanda vya video. Filamu ilipofika kwa lugha isiyoeleweka, alisimama mtu akaifasiri papo hapo, akawapa wachezaji majina, akamtahadharisha steringi, yaani mchezaji mkuu, kuhusu adui aliyejificha, akatia mizaha ya mtaa. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, na nchini Uganda wafasiri hao wakaitwa ma-VJ. Kwa hiyo mtazamaji wa kibandani hajawahi kuiona filamu isiyo na mtu anayemkumbusha kwamba hii ni filamu, na utamu haukupungua.

Kutoka katika mazoea hayo alizuka Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, aliyekuwa akifyatua matofali, na ambaye utotoni alizijua filamu kwa kusimuliwa na kaka zake waliozitazama. Mwaka wa 2005 alianzisha kampuni yake nyumbani kwake. Kompyuta aliiunga kwa vipande vya kompyuta nyingine, na bunduki na winchi ya kamera zilichomelewa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. *Who Killed Captain Alex?*, iliyojulikana ulimwenguni tangu tangazo lake lilipowekwa mtandaoni mwaka wa 2010, inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Waigizaji ni majirani, nao ndio waliozunguka mitaani kuuza nakala, na kugawana mapato. Nakala safi ya filamu hiyo haikubaki, kwa kuwa kompyuta haikuwa na nafasi ya kuihifadhi. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, ambaye tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho anaisifu, anaitania, anawataja watu, anaitangazia Uganda kwamba mapigano yanakuja, na kuwaambia watazamaji waziwazi kwamba wanachokitazama kimetengenezwa Wakaliga.